Nukushi ya Pamoja Ofisini: Seva, Mashine ya Fotokopi au Huduma ya Intaneti?

Kwenye vichwa vya barua vya ofisi nyingi za mkoa wetu wa Kigoma, chini ya mstari wa simu, bado kuna mstari wa nukushi, yaani faksi. Wapo wanaouona kuwa ni mabaki ya zamani, lakini mtu aliyewahi kukaa katika ofisi ya wakala wa mizigo karibu na bandari, akisubiri hati iliyotiwa sahihi kutoka Bujumbura (Burundi) au Kalemie (Kongo) ili shehena ipakiwe, anajua kwamba mstari huo unaweza kusimamisha kazi ya siku nzima. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi hakuna anayependa kuondoka mezani na karatasi mkononi ili akapange foleni mbele ya mashine moja. Kila mtumishi anataka kutuma hati kutoka kwenye kompyuta yake kupitia mtandao wa ofisi, na hapo ndipo matatizo yanapoanza: kwenye kioo hati inaonekana imekwenda, upande wa pili hawajapata kitu, na hakuna anayejua imekwama wapi.

Makala haya yanalinganisha njia tatu za kutuma nukushi kwa pamoja kutoka kwenye kompyuta za ofisi. Nimezihudumia zote tatu, Kigoma mjini, Kasulu na kwa muda mfupi Tabora, na mara nyingi nimeitwa baada ya kitu kuharibika. Kwa sababu hiyo, kigezo ninachokipa uzito zaidi ni urahisi wa kutambua kosa lilipo, kwa kuwa fundi wa kampuni iliyouza mashine mara nyingi yuko Mwanza au Dar es Salaam, na ofisi haiwezi kumsubiri siku nne kwa ajili ya hati ya ukurasa mmoja.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza, kama nilivyosema, ni kutambua kosa. Nukushi inayotoka kwenye kompyuta husafiri vipande viwili vya njia: kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye kifaa kinachopiga simu, na kutoka kwenye kifaa hicho hadi kwa mpokeaji. Kosa la kipande kimoja haliponi kwa kurekebisha kipande kingine, na muda mwingi ofisini hupotea kwa sababu hiyo: mtu anabadilisha waya wa simu wakati tatizo liko kwenye draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kifaa), au anafuta na kusakinisha upya draiva wakati laini ya simu imejaa mkwaruzo. Mpangilio mzuri ni ule unaokuruhusu kujaribu kila kipande peke yake.

Kigezo cha pili ni laini na umeme. Utaratibu wa nukushi tunaoutumia hadi leo, unaojulikana kama Kundi la 3, uliidhinishwa mwaka 1980 kwa ajili ya laini za simu za sauti. Mashine mbili huanza kwa kubadilishana milio, kisha hukubaliana kasi, ambayo kwa mashine za kawaida huanzia biti 14,400 kwa sekunde na kushuka hadi 2,400 laini ikiwa mbaya. Simu ikipita kwenye faiba au intaneti, sauti hukatwa vipande vidogo na wakati mwingine hubanwa; mbinu ya kubana sauti iitwayo G.729, inayotumia kilobiti 8 tu kwa sekunde, huacha maneno yasikike vizuri lakini huiharibu milio ya nukushi. Nukushi huhitaji G.711, inayotumia kilobiti 64, au itifaki ya T.38 iliyotengenezwa mahususi kwa kazi hii. Kabla ya kulinganisha chochote, muulize mtoa huduma wa simu swali moja: je, namba yetu inaingia kwa waya wa shaba au kwa faiba, na kama ni faiba, inapitisha nukushi kwa utaratibu gani?

Kigezo cha tatu ni kumbukumbu na siri, yaani nani anaweza kuona hati iliyoingia na ushahidi wa kutuma unabaki wapi. Cha nne ni gharama, ambayo nitaigusa kwa kifupi kwa kuwa bei hubadilika na kila ofisi ina fungu lake.

Njia ya kwanza: seva yenye modemu

Katika mpangilio huu kompyuta moja, ndiyo seva, imeunganishwa na modemu ya nukushi (kifaa kinachopiga simu) na laini ya simu, na kompyuta nyingine zinaiona nukushi hiyo kama printa ya mtandao. Mtumishi anafungua barua yake, anachagua kuchapisha, anachagua nukushi, anaandika namba, na seva inapiga simu.

*Kukwama kwake.* Kosa la kwanza hutokea kabla hata ya kuanza. Ofisi nyingi hununua modemu, huichomeka kwenye kompyuta ya mhazili yenye Windows 10 au 11, kisha hujaribu kuishirikisha kama wanavyoshirikisha printa. Haiwezekani. Windows za kawaida zinaruhusu kompyuta itume nukushi yake yenyewe, lakini kushirikisha nukushi kwa wengine ni kazi ya Windows Server iliyowekewa huduma ya nukushi. Nimekuta watu waliohangaika wiki nzima wakidhani wamekosea hatua fulani, kumbe toleo lenyewe la Windows haliruhusu.

Seva ikiwa sahihi, makosa ya kipande cha kwanza cha njia huwa ya haki na ruhusa. Katika ofisi isiyo na domeni (usajili mmoja wa watumishi wote kwenye mtandao), jina na nywila ya mtumishi kwenye kompyuta yake lazima vilingane na vilivyosajiliwa kwenye seva. Mtumishi akibadilisha nywila kwake tu, nukushi inamkatalia ingawa jana ilimkubali. Ukuta wa kinga wa Windows ukizuia ushirikishaji wa faili na printa, seva haionekani kabisa. Tena, tangu masasisho ya Agosti 2021, Windows hudai haki za msimamizi kabla ya kusakinisha draiva ya printa ya mtandao, kwa hiyo mtumishi mpya hawezi kujiunganisha mwenyewe, na ujumbe anaoupata haumwambii waziwazi kwamba sababu ni hiyo.

Kwa kipande cha pili, seva ina faida kubwa kuliko njia zote: inaandika. Kila jaribio lina mstari wake kwenye foleni na kwenye kumbukumbu ya matukio, ukionyesha kama laini haikuwa na mlio, kama namba ilikuwa na shughuli, kama haikupokelewa, au kama mawasiliano yalikatika katikati. Hati ikikaa kwenye foleni bila kujaribiwa, tazama kama huduma ya nukushi imesimama, na kama modemu ya USB iliwashwa kabla ya huduma hiyo. Baada ya umeme kukatika na kurudi, modemu hizi mara nyingi huganda, na dawa yake ni kuichomoa, kusubiri kidogo, kuirudisha, kisha kuanzisha huduma upya kwa mpangilio huo.

*Umeme na laini.* Seva ndogo na modemu yake vinaweza kukaa juu ya UPS (betri ya akiba) ya kawaida na kumalizia hati iliyokuwa njiani. Hatari iko kwenye radi. Katika miezi ya mvua huku kwetu, modemu huungua kupitia waya wa simu huku UPS ikiwa imelinda upande wa umeme peke yake. Ukinunua UPS, chagua ile yenye matundu ya kulinda laini ya simu, na uyatumie. Nimeona matundu hayo yakiwa matupu pembeni ya modemu iliyoungua.

*Kumbukumbu na siri.* Hati zinazoingia zinaweza kupelekwa kwenye folda, kwenye printa au kwenye barua pepe ya mtu mmoja. Masijala inayofuata taratibu itaipenda folda, kwa kuwa msimamizi anaamua nani aifungue, na nakala za zilizotumwa hubaki papo hapo.

*Gharama na inayemfaa.* Modemu ni rahisi, lakini leseni ya Windows Server na leseni za watumiaji si rahisi. Ipo njia ya bure, programu ya HylaFAX inayotumia Linux na inayoweza kukaa kwenye kompyuta ya zamani. Ni imara sana, ila inamtaka mtu anayejua kuandika amri na kusoma kumbukumbu zake, na mtu huyo akihama kwenda Dodoma ofisi inabaki na sanduku lisiloeleweka. Njia hii inaifaa ofisi ambayo tayari ina seva kwa kazi nyingine, ina mtaalamu wa kompyuta wa kudumu, na inatuma nukushi nyingi kiasi cha kuhitaji foleni yenye mpangilio.

Njia ya pili: mashine ya fotokopi yenye nukushi

Hapa kifaa kinachopiga simu ni mashine ileile inayodurufu, kuchapisha na kuskani. Kila kompyuta inawekewa draiva ya nukushi ya mashine hiyo, hati inapita kwenye mtandao hadi kwenye mashine, na mashine inaituma kwa laini ya simu. Angalia kwanza kama mashine yenu ina kadi ya nukushi: kwa mashine kubwa kadi hiyo mara nyingi huuzwa kando, na draiva inaweza kusakinishwa vizuri kabisa kwenye mashine isiyo na kadi. Angalia pia kama draiva hiyo inapokea au inatuma tu. Nyingi hutuma tu, na zinazoingia hutoka kwa karatasi.

*Kukwama kwake.* Njia hii ndiyo rahisi kuliko zote kuitafutia kosa, kwa sababu ya jaribio moja ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya bila elimu ya kompyuta. Weka karatasi juu ya kioo cha mashine, piga namba ileile kwa vidole, tuma. Ikienda, laini na mpokeaji ni wazima, na kosa liko kati ya kompyuta na mashine. Isipokwenda, usiiguse kompyuta ya mtu yeyote, kwa sababu kosa liko kwenye laini, kwenye namba au kwa mpokeaji.

Nasisitiza jaribio hili kwa sababu ya ofisi moja hapa Kigoma mjini iliyonipa funzo. Kwa karibu wiki tatu watumishi walilalamikia laini ya simu, wakaandika barua ya malalamiko kwa mtoa huduma, na waya wa simu ukabadilishwa kutoka ukutani hadi kwenye mashine. Nukushi ilikuwa ikifanya kazi siku mbili au tatu, kisha inakufa, kisha inafufuka. Nilipofika, nilituma karatasi kutoka kwenye kioo, ikaenda mara ya kwanza. Kosa lilikuwa kwamba anwani ya IP ya mashine (namba inayoitambulisha kwenye mtandao) ilikuwa ikigawiwa na ruta, kifaa kinachoendesha mtandao wa ofisi, na kila umeme ulipokatika na kurudi iliweza kupewa anwani nyingine, ilhali draiva kwenye kompyuta ziliendelea kuitafuta kwenye anwani ya zamani. Hati zilikuwa zikirundikana kwenye kompyuta za watumishi bila kufika hata kwenye mashine. Niliipa mashine anwani isiyobadilika, nikasahihisha kompyuta sita, na kazi ikaisha ndani ya saa moja. Wiki tatu zile zingeokolewa na karatasi moja juu ya kioo.

Kosa likiwa kwenye laini, chomoa mashine, chomeka simu ya kawaida, usikilize: kama kuna mkwaruzo au sauti inayokatika, toa taarifa kwa mtoa huduma. Wakati unasubiri, shusha kasi ya kutuma kwenye mipangilio hadi 9,600 au 4,800 na uache marekebisho ya makosa yakiwa yamewashwa. Ukurasa utachukua muda mrefu zaidi na gharama ya simu itapanda, lakini utafika. Kama laini hiyohiyo inabeba intaneti ya waya wa shaba, hakikisha kuna kichujio kati ya laini na mashine.

*Umeme na laini.* Huu ndio udhaifu wake. Mashine za leza hula umeme mwingi zinapopasha moto, kwa hiyo haifai kuziweka kwenye UPS ndogo ya kompyuta. Umeme ukikatika, hati iliyokuwa inatumwa inakatika, na baadhi ya mashine hupoteza zilizokuwa zikisubiri kwenye kumbukumbu ya muda. Baada ya umeme kurudi, chapisha ripoti ya kazi na uilinganishe na ulichotuma asubuhi.

*Kumbukumbu na siri.* Ripoti ya utumaji yenye tarehe, saa, namba na idadi ya kurasa ni ushahidi unaoeleweka hata kwa mkaguzi, nami hushauri ibanwe kwenye jalada pamoja na hati. Siri ni dhaifu: nukushi iliyoingia usiku inalala kwenye trei, na anayefika wa kwanza asubuhi anaisoma. Mashine nyingi zina mpangilio wa kuzuia kuchapisha hadi nywila iwekwe. Uwashe kama mnapokea taarifa za wagonjwa, mishahara au zabuni.

*Gharama na inayemfaa.* Kama mashine ipo tayari, gharama ya ziada ni kadi na laini. Njia hii inaifaa ofisi isiyo na mtaalamu wa kompyuta, yenye watumishi wachache, ambayo mhazili au mtu wa masijala anaweza kufundishwa jaribio la kioo na kusoma ripoti.

Njia ya tatu: nukushi kwa intaneti

Ofisi hujiunga na kampuni inayopokea hati kwa barua pepe au tovuti, kisha kampuni hiyo inapiga simu ya nukushi kutoka kwenye mitambo yake. Zinazoingia huja kama faili ya PDF kwenye barua pepe.

*Kukwama kwake.* Kipande cha pili cha njia kinaondoka mikononi mwako. Hilo ni nafuu, kwa kuwa hakuna modemu wala laini ya kukarabati, lakini pia ni upofu, kwa kuwa huwezi kusikiliza laini wala kushusha kasi. Makosa unayoweza kuyarekebisha ni machache: huduma nyingi hukubali hati kutoka kwenye anwani za barua pepe zilizosajiliwa tu, kwa hiyo mtumishi mpya asiyesajiliwa hupuuzwa, faili kubwa mno au ya aina isiyokubalika hurudishwa, na taarifa ya kushindwa mara nyingi huangukia kwenye folda ya barua taka. Jambo la kukaza akilini mwa watumishi ni kwamba barua pepe kuondoka si nukushi kufika. Kinachothibitisha ni taarifa ya pili, inayokuja baada ya mpokeaji kujibu simu.

*Umeme na laini.* Hapa njia hii inaziacha nyingine nyuma. Ofisi ikiwa gizani, nukushi zinazoingia zinaendelea kupokelewa kule ziliko mashine za kampuni, na meneja anaweza kuzisoma kwenye simu yake akiwa Ujiji au ndani ya treni.

*Kumbukumbu na siri.* Kila kitu kinahifadhiwa na kutafutika, lakini kwenye mashine za mtu mwingine, mara nyingi nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka masharti kuhusu kusafirisha taarifa binafsi nje ya Tanzania, kwa hiyo hospitali, shule na waajiri wasijiunge kabla ya kupata ushauri wa kisheria.

*Gharama na inayemfaa.* Malipo ni ya kila mwezi, mara nyingi kwa kadi na kwa fedha za kigeni, na kuna kikomo cha kurasa. Uliza mapema kama mtaweza kupata namba ya Tanzania inayoanza na 028. Mkipewa namba ya nje, mteja wa hapa atatozwa simu ya kimataifa kukutumia ukurasa mmoja, na wengi hawatatuma. Inawafaa wanaotuma mara chache, wanaosafiri, au ambao simu yao imehamia kwenye faiba na nukushi haipiti tena.

Kabla ya kubadilisha njia

Sehemu kubwa ya malalamiko niliyoyashughulikia yalikuwa ya namba. Kupiga Bujumbura kwa laini ya mezani kunahitaji 000, kisha 257, kisha namba. Kalemie ni 000 na 243. Tabora ni 026. Alama ya kujumlisha iliyonakiliwa kutoka kwenye simu ya mkononi haipigiki kwenye mashine nyingi za nukushi. Kama simu hupita kwenye swichibodi, namba ya kutokea nje iwekwe mara moja tu: nimekuta Windows ikiiongeza yenyewe huku mtumishi naye ameiandika, na simu ikaenda kusikojulikana. Namba hiyo ifuatiwe na koma, ili mashine isubiri mlio wa nje kabla ya kuendelea. Zima pia huduma ya simu ya kusubiri kwenye laini ya nukushi, kwa sababu mlio wake hukata hati katikati.

Muulize mpokeaji pia kama PDF kwa barua pepe inamtosha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki, na hati nyingi zinazotumwa kwa nukushi hutumwa hivyo kwa mazoea tu.

Kwa kufuata hali yako

Kama ofisi yako ina waya wa shaba ulio mzima na mashine ya fotokopi ambayo tayari iko kwenye mtandao, anzia hapo. Ipe mashine anwani ya IP isiyobadilika siku ya kwanza, na ubandike hatua za jaribio la kioo ukutani karibu nayo.

Kama mnatuma makumi ya hati kwa siku kwenda vituo vingi, na mna mtaalamu anayekaa ofisini, seva itawalipa, hasa kwa kumbukumbu zake. Kama mtaalamu huyo ni wa mkataba na anakuja mara moja kwa mwezi, kaeni na mashine ya fotokopi hadi mtakapoajiri.

Kama laini imehamishiwa kwenye faiba, muombe mtoa huduma awashe T.38 au G.711 na ujaribu kurasa kumi kwa siku tofauti. Zikifika zote, bakini na kifaa mlichonacho. Zikikatika, nunueni huduma ya intaneti ya mwezi mmoja kwanza, si ya mwaka, na mjaribu kutuma kwa wapokeaji wenu wa kweli wa ng'ambo ya ziwa.

Kwa kituo cha afya au ofisi inayoshika taarifa za watu, ambayo umeme wake hukatika mara kwa mara, uamuzi ni mgumu zaidi, kwa kuwa njia inayostahimili giza ndiyo inayopeleka taarifa mbali. Hapo ningechagua kompyuta ndogo yenye HylaFAX na modemu juu ya UPS, ndani ya chumba cha masijala kinachofungwa, kwa sharti kwamba watumishi wawili, si mmoja, wamefundishwa kuiwasha na kusoma foleni yake.